Shoti: Utata wa Istilahi za Umeme wa Nyumbani na Usalama wa Mtumiaji

1.0 Utangulizi

Katika lugha ya kila siku ya watumiaji wa umeme nchini Tanzania ni vigumu kupata neno lililobebeshwa mzigo mkubwa kuliko shoti. Nyumba ikiteketea, husemwa kwamba chanzo ni shoti. Breka ikijizima, kuna shoti. Jokofu likimtekenya vidole mtu anayelifungua, lina shoti. Swichi ikitoa cheche, inapiga shoti. Na mtu akipitiwa na umeme mwilini, amepigwa shoti. Kwa msemaji wa kawaida matukio haya matano ni ya ukoo mmoja, na neno moja linatosha kuyataja yote. Kwa upande wa ufundi, hata hivyo, kila tukio lina chanzo chake na, jambo lililo muhimu zaidi, lina kinga yake. Kifaa kinachozuia tukio moja aghalabu hakizuii jingine.

Makala haya yanakusudia kuchunguza utata huo pamoja na mwingine unaofanana nao katika istilahi za uwekaji wa nyaya na taa majumbani. Hoja ya msingi ni kwamba utata huu si suala la umaridadi wa lugha tu. Mwenye nyumba anayeambiwa na fundi kwamba breka iliyofungwa "inazuia shoti" ana haki ya kuamini kuwa watoto wake wamekingwa wasipigwe shoti, kwa kuwa neno ni lile lile. Imani hiyo si sahihi, na lugha ndiyo iliyompotosha.

Mifano ya lugha inayojadiliwa ni ile inayosikika miongoni mwa mafundi na watumiaji wa Tanzania. Maelezo ya kiufundi yanahusu umeme wa kawaida wa nyumbani, yaani wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, unaoingia kwa waya wenye umeme ambao mafundi huuita laivu na waya wa kurudisha mkondo uitwao nyutro, pamoja na waya wa tatu wa usalama uitwao ethi.

2.0 Neno Shoti na Mazingira Yake ya Kisarufi

Kabla ya kuingia kwa umeme, Kiswahili kilikwisha kuwa na neno shoti lenye maana ya mwendo wa mbio wa farasi au punda. Shoti ya umeme haina uhusiano na hiyo. Ni homonimu iliyotokana na utohozi wa neno la Kiingereza lenye maana ya "-fupi". Katika lugha chanzi neno hilo hutumika kutaja hitilafu moja mahususi: mkondo kupata njia ya mkato kutoka laivu hadi nyutro bila kupitia taa, pasi au chombo kingine cha kuufanyia kazi. Maana hiyo finyu ndiyo iliyopokelewa kwanza na mafundi, na ndiyo iliyopanuka baadaye.

Upanuzi huo ulisaidiwa na kitenzi -piga. Kama ijulikanavyo, kitenzi hiki huambatana kwa urahisi na nomino za kila aina: kupiga pasi, kupiga simu, kupiga picha, kupiga deki. Nyaya zikaweza kupiga shoti bila kikwazo cha kisarufi. Lakini -piga hukubali kauli ya kutendwa, na kwa mlinganyo wa kupigwa kofi au kupigwa ngumi, mtu naye akaweza kupigwa shoti. Hapo ndipo maana ilipovuka mpaka kutoka katika hitilafu ya nyaya hadi katika dhara la mwili. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Nyaya zimepiga shoti.
(2) Breka imejizima, kuna shoti.
(3) Jokofu lina shoti.
(4) Swichi inapiga shoti.
(5) Mtoto amepigwa shoti.

Mifano hii inaonyesha kwamba sarufi hujitahidi kutenganisha kile ambacho msamiati umekichanganya. Muundo wa -na katika (3) unataja hali ya kudumu ya chombo. Kauli ya kutenda katika (1) na (4) inataja tukio la nyaya. Kauli ya kutendwa katika (5) inamtaja mwathiriwa. Hata hivyo, msaada wa sarufi una kikomo. Mfano (1) na mfano (4) vina muundo mmoja ilhali vinataja matatizo mawili tofauti kabisa, na mfano (2) hauelezi chochote zaidi ya kwamba umeme umekatwa. Isitoshe, mara nomino inapojitenga na kitenzi, kama katika "kinga ya shoti" au "hatari ya shoti", tofauti zote hupotea.

3.0 Matukio Matano Ndani ya Neno Moja

3.1 Saketi kuzidiwa

Tukio la kwanza ni saketi kubebeshwa mkondo mwingi kuliko uwezo wake. Mfano wa kawaida ni soketi moja iliyochomekwa waya wa kurefushia wenye matundu mengi. Plagi ya pini tatu bapa inayotumika Afrika Mashariki ni ya kiwango cha ampia 13, ambacho kwa volti 230 ni wati 2,990. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikitumika kwa pamoja kupitia plagi hiyo, jumla ni wati 3,200, yaani takriban ampia 14. Hakuna waya uliogusana na mwingine, wala hakuna kilichoharibika. Kinachotokea ni waya kupata joto. Joto hilo halikui sambamba na mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana waya unaovumilia mzigo wa kawaida kwa miaka unaweza kuyeyusha gamba lake kwa jioni moja ya mzigo uliozidi.

Kinga ya tukio hili ni fyuzi au breka iliyochaguliwa kulingana na unene wa waya. Kwa desturi ya kazi za nyumbani, nyaya za taa huwa za milimita mraba 1.5 na za soketi milimita mraba 2.5. Breka kubwa ikiwekwa kwenye waya mwembamba, waya ndio utakaoungua kwanza, na breka itabaki imewaka kama shahidi asiyesema.

Hapa lugha huongeza kosa jingine. Fyuzi ikikata, husemwa kwamba fyuzi imeungua au imekufa. Usemi huo unaifanya fyuzi kuwa mgonjwa, na dawa ya mgonjwa ni kumwimarisha. Hivyo baadhi ya watu huweka kipande cha waya mnene au hata msumari mahali pa fyuzi ili "isiungue tena". Kumbe fyuzi iliyokata ni fyuzi iliyotimiza kazi yake. Mgonjwa yumo kwingineko ndani ya saketi.

3.2 Laivu na nyutro kugusana

Tukio la pili ndilo shoti kwa maana yake ya asili. Gamba la waya likichubuka au kutafunwa na panya, au skrubu ikitoboa waya ukutani, laivu hukutana na nyutro. Kwa kuwa njia hiyo haina ukinzani wa maana, mkondo hupanda kwa ghafla hadi mamia ya ampia. Breka ina sehemu mbili za kutambua hatari: kipande cha metali mbili kinachojikunja kwa joto, ambacho hushughulikia saketi iliyozidiwa na huchukua muda, na koili ya sumaku, ambayo hushughulikia shoti na hukata papo hapo. Kwa hiyo hata breka inatofautisha matukio haya mawili ambayo usemi wa kawaida haujayatofautisha. Mtumiaji anaweza kuyapambanua kwa muda: breka inayokata mara tu inapowashwa inaelekeza kwenye shoti, na inayokata baada ya dakika kadhaa za matumizi inaelekeza kwenye mzigo.

3.3 Umeme kuvuja kwenye mwili wa chombo

Jokofu "lenye shoti" kwa kawaida halina shoti kwa maana ya 3.2. Laivu imegusa mwili wa chuma wa jokofu, au unyevu umepitisha sehemu ya mkondo hadi kwenye mwili huo. Jokofu linaendelea kugandisha barafu, breka haijakata, na taa zinawaka. Dalili pekee ni mtekenyo, na kwa kuwa unatokea zaidi mtu anapokuwa pekupeku au sakafu inapokuwa na maji, familia huzoea kuvaa kandambili kabla ya kufungua jokofu. Hali hiyo ya hatari hugeuka kuwa desturi ya nyumba.

Kazi ya waya wa ethi ni kuupa mkondo huo njia nyepesi, ili uwe mkubwa kiasi cha kutambuliwa na breka. Kwa maneno mengine, ethi huugeuza mvujo uwe jambo ambalo breka inalijua. Lakini hilo hutegemea ubora wa njia. Nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe ya shaba iliyopigiliwa ardhini inaweza kuwa na ukinzani wa omu 20 kati ya fimbo na ardhi. Volti 230 zikigawanywa kwa 20 hutoa ampia 11.5. Breka ya ampia 16 huuona mkondo huo kuwa ni matumizi ya kawaida na hukaa kimya. Wakati wa kiangazi, udongo unapokauka, ukinzani huongezeka na hali huwa mbaya zaidi. Katika mazingira hayo kinga inayohitajika ni kifaa kingine, kile kinacholinganisha mkondo unaoingia kwa laivu na ule unaorudi kwa nyutro, na kukata tofauti yake inapofika kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kinga ya watu ni miliampia 30. Kifaa hicho hujulikana miongoni mwa mafundi kwa vifupisho vya Kiingereza. Mtumiaji wa kawaida hana jina lake, na kitu kisicho na jina ni vigumu kukiulizia dukani.

3.4 Kiungo kilicholegea

Swichi au soketi inayotoa cheche na harufu ya kuungua mara nyingi ina skrubu iliyolegea. Mkondo unaruka mwanya mdogo, na penye mwanya huo panazalika joto kali. Mkondo wenyewe hauzidi ule wa kawaida, kwa hiyo breka haioni kosa. Mkondo unaoingia unalingana na unaorudi, kwa hiyo kifaa cha kutambua mvujo nacho hakioni kosa. Hili ni tukio ambalo breka ya kawaida na kifaa hicho, hata vikiwapo vyote viwili, haviwezi kulitambua. Kinga yake ni kazi nzuri ya fundi na macho ya mkazi: soketi yenye joto isivyo kawaida, plastiki iliyobadilika rangi, taa inayopepesa. Kuliita tukio hili shoti kuna madhara ya moja kwa moja, kwani mkazi hujibu, "Breka haijakata, basi si shoti," akaendelea kuitumia swichi hiyo.

3.5 Mtu kupitiwa na umeme

Tukio la tano ndilo linaloudhihirisha utata kwa uwazi zaidi. Ukinzani wa mwili wa mtu hubadilika kwa kutegemea ukavu wa ngozi na njia ya mkondo, lakini kadirio la omu 1,000 hutumika mara nyingi katika hesabu za usalama. Volti 230 zikipita katika omu 1,000 hutoa ampia 0.23, yaani miliampia 230. Kiasi hicho kikipita kifuani kwa muda wa kutosha kinaweza kuuvuruga mpigo wa moyo na kuua. Breka ya ampia 10, kwa upande wake, imeundwa kuruhusu miliampia 10,000 zipite bila kukatwa. Kwa breka hiyo, mtu anayekufa ni mzigo mdogo kuliko balbu mbili za zamani za wati 60.

Kiswahili, hata hivyo, kina maneno mengine ya tukio hili ambayo ni sahihi kuliko shoti. Wasemaji husema mtu amenaswa na umeme, au amerushwa na umeme. Maneno haya yanalingana na fiziolojia: mkondo wa takriban miliampia 10 na kuendelea, ukipita mkononi, huikaza misuli hata mtu akashindwa kuachia alichokishika, ndiko kunaswa, na mkazo wa ghafla wa misuli unaweza kumtupa mtu mbali, ndiko kurushwa. Tofauti hiyo ina manufaa kwa mwokoaji. Aliyenaswa bado anapitiwa na umeme, na anayemshika kwa mikono mitupu hunaswa naye. Kwanza umeme ukatwe kwenye meni swichi, au, isipowezekana, mtu huyo asukumwe kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme kama ubao. Usemi "amepigwa shoti", ambao unadokeza pigo lililokwisha pita, hauna tahadhari hiyo.

4.0 Utata wa Vitenzi: Kufunga, Kuzima na Kukatika

Utata hauishii katika nomino. Kitenzi -funga kina maana tatu zinazokutana katika chumba kimoja:

(6) Fundi amefunga taa ya barazani.
(7) Mama amefunga redio.
(8) Saketi ikifungwa, mkondo hupita.

Katika (6) kufunga ni kuweka mahali pake, kama katika kufunga umeme nyumbani. Katika (7) ni kuzima, kwa mlinganyo wa kufunga bomba, na wapo wasemaji wanaosema hivyo hata kwa taa. Katika (8), ambao ni usemi wa darasa la fizikia, kufunga ni kukamilisha njia ili mkondo upite, yaani kinyume kamili cha (7). Mwanafunzi wa ufundi ambaye amezoea kwamba bomba lililofungwa halitoi maji hujikuta akiambiwa kwamba saketi iliyofungwa ndiyo yenye umeme. Neno mkondo lenyewe, lililoazimwa kutoka katika maji ya mto na bahari, humsukuma zaidi kwenye mlinganyo wa bomba. Mwalimu mwangalifu hueleza tofauti hiyo siku ya kwanza. Asipoeleza, "saketi imefungwa" inaweza kueleweka kuwa ni ruhusa ya kushika waya.

Vitenzi -washa na -zima navyo vina historia yake. Vilitumika kwa kibatari, kandili na karabai, vyombo ambavyo mwanga wake ni moto. Kandili ikizimwa, hatari imekwisha pamoja na mwanga. Taa ya umeme haiko hivyo. Kwa utaratibu sahihi, laivu hutoka kwenye breka hadi kwenye swichi, kisha kwenye holda, na nyutro huenda moja kwa moja kwenye holda. Fundi akikosea akaiweka swichi kwenye njia ya nyutro, taa itawaka na kuzimika kama kawaida, na hakuna kitakachofichua kosa hilo katika matumizi ya kila siku. Lakini taa ikiwa imezimwa, holda bado ina laivu. Anayebadilisha balbu gizani akigusa chuma cha ndani anapitiwa na umeme kutoka kwenye taa ambayo, kwa mujibu wa lugha, imezimwa. Hatari hiyo hujitokeza pia katika holda za kuzungusha, ambazo pete ya nje inatakiwa iunganishwe na nyutro: nyaya zikigeuzwa, pete iliyo karibu na vidole ndiyo inayobeba umeme swichi inapowashwa.

Kuenea kwa balbu za LED kumeleta dalili mpya ambayo wakazi wengi huiuliza: taa iliyozimwa inabaki na mwanga hafifu usiku kucha. Balbu hizo huhitaji mkondo mdogo sana ili zitoe mwanga, kwa hiyo hufichua yale ambayo balbu za waya mwembamba zilikuwa zikiyaficha. Chanzo kinaweza kuwa kisicho na madhara, kama swichi yenye kitaa chake chenyewe, au nyaya ndefu zinazolala sambamba na kuambukizana umeme kidogo. Lakini kinaweza pia kuwa swichi iliyowekwa kwenye nyutro. Mkazi akiiona dalili hiyo, ni vyema amwite fundi aipime.

Aidha, katika ngazi zenye swichi za njia mbili, moja chini na nyingine juu, mkao wa kitufe hausemi chochote: taa inaweza kuwa imezimwa kitufe kikiwa juu au kikiwa chini. Na usemi "umeme umekatika" unaweza kumaanisha mtaa mzima hauna umeme, breka ya nyumba imekata, au waya mmoja umekatika. Hali ya kwanza ni ya hatari kwa anayefanya kazi, kwa sababu umeme utarudi bila kubisha hodi. Kwa sababu hizo kanuni ya fundi haitegemei kitenzi chochote: huzima breka au meni swichi, huhakikisha hakuna atakayeiwasha, kisha hupima. Naye hupima mara tatu: kwanza hujaribu kipimo chake mahali panapojulikana kuwa pana umeme, halafu waya anaotaka kuushika, halafu tena mahali pa kwanza, ili ajue kwamba ukimya wa kipimo haukutokana na ubovu wake.

5.0 Majina ya Rangi

Eneo la tatu la utata ni rangi. Kwa miaka mingi mafundi wa Afrika Mashariki walifuata utaratibu wa Uingereza, ambapo waya mwekundu ulikuwa laivu, mweusi nyutro, na wa kijani ethi. Mwaka 2004 Uingereza ilianza kuhamia, kwa nyaya za ndani ya kuta, kwenye rangi zilizolingana na za Ulaya, na kuanzia mwaka 2006 utaratibu mpya ukawa wa lazima kwa kazi mpya: kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya manjano kwa ethi. Bidhaa za utaratibu huo zimeenea madukani, na nyumba moja iliyoongezwa vyumba inaweza kuwa na taratibu zote mbili.

Tatizo si wingi wa rangi, bali kubadilika kwa maana. Katika umeme wa njia tatu, rangi ya buluu ilikuwa mojawapo ya laivu kwa utaratibu wa zamani, na ni nyutro kwa utaratibu mpya. Nyeusi ilikuwa nyutro, na sasa ni mojawapo ya laivu. Kwa mwanaisimu hii ni ishara ile ile iliyopewa kitajwa kilicho kinyume, na hakuna muktadha ndani ya ishara yenyewe unaoweza kuufumbua utata. Maelekezo yanayosema "unganisha waya mweusi" bila kutaja utaratibu ni maelekezo ya hatari. Jina la kazi ya waya, yaani laivu, nyutro au ethi, ndilo linalopaswa kutangulia, na rangi iwe nyongeza tu. Jina la "waya wa moto", ambalo nalo husikika kwa maana ya laivu, lina kasoro yake: laivu haina joto lolote la kuashiria hatari, na waya wenye joto kweli unaweza kuwa nyutro iliyozidiwa.

6.0 Mapendekezo

Kiswahili hakihitaji kuundiwa msamiati mpya mwingi ili kuondoa utata ulioelezwa. Sehemu kubwa ya maneno ipo tayari katika usemi wa watu, na kinachotakiwa ni kuyagawia kazi. Inapendekezwa kwamba:

(a) Shoti ibakizwe kwa maana yake finyu, yaani laivu na nyutro kukutana. Si busara kulifuta neno lililokwisha kuota mizizi.

(b) Hali ya mzigo kupita kiasi iitwe kuzidiwa: "saketi imezidiwa". Kitenzi hiki kinaelekeza kwenye dawa yake, ambayo ni kupunguza mzigo.

(c) Umeme kufika kwenye mwili wa chombo uitwe mvujo: "jokofu lina mvujo". Nomino hii inatokana na -vuja, inaafikiana na taswira ya mkondo, na hakuna mtu anayesikia kwamba kitu kinavuja akaendelea kukiona kizima. Kifaa cha kinga kiitwe breka ya mvujo.

(d) Tukio la mwanzi wa cheche liitwe kwa chanzo chake: kiungo kimelegea.

(e) Kwa binadamu yatumike maneno kunaswa na kurushwa na umeme, au kupigwa na umeme kwa ujumla, na usemi wa kupigwa shoti uepukwe katika maandishi ya mafunzo na ya usalama.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba istilahi hazibadilishwi kwa amri. Ni kweli. Kamusi za istilahi, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990, hupangwa kwa mujibu wa masomo, na msomaji wake ni mwanafunzi na mwalimu zaidi kuliko mwenye nyumba. Lakini uzoefu unaonyesha pia kwamba jina la Kiswahili linaloletwa pamoja na kifaa chenyewe hushika. Luku, kifupisho cha "Lipa Umeme Kadri Utumiavyo", ilizaliwa kama jina la mfumo wa mita za malipo ya kabla. Leo ni nomino kamili, na watu hununua luku bila kukumbuka herufi zilizoizaa. Haikushika kwa kuwa ilisanifishwa, bali kwa kuwa kila mtumiaji alikutana nayo kwenye mita, kwenye risiti na katika mahitaji yake ya kila mwezi.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kisanduku cha breka. Kila breka iandikwe kwa Kiswahili kile inachokilinda: taa za vyumba, soketi za jikoni, hita ya maji. Breka ya mvujo ina kitufe cha kujaribia, ambacho kinatakiwa kubonyezwa kwa vipindi vinavyotajwa na mtengenezaji ili kuthibitisha kuwa bado inafanya kazi, lakini maelezo yake aghalabu huwa kwa lugha ya kigeni na kwa herufi ndogo. Mstari mmoja unaosomeka, "Breka ya mvujo: huokoa maisha, bonyeza kitufe uijaribu", ungefanya kazi ambayo kurasa nyingi za kamusi haziwezi kuifanya.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba neno shoti limekusanya matukio matano yenye vyanzo na kinga mbalimbali, kwamba sarufi ya Kiswahili inasaidia kuyatenga kwa kiasi tu, na kwamba vitenzi vya kufunga, kuzima na kukatika pamoja na majina ya rangi vina utata unaofanana na huo. Imeonyeshwa pia kwamba usemi wa watu wenyewe, kama kunaswa, kurushwa, kuvuja na kuzidiwa, una upambanuzi ambao utohozi peke yake haukuuleta.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta eneo la utafiti wa istilahi, karakana na maduka ya vifaa vya umeme ni uwanja ulio wazi. Ni vyema mwanaistilahi aanze kwa kusikiliza huko kabla ya kuunda neno lolote. Na pengine swali la kwanza la kuuliza si "hili linaitwaje?", bali ni lile ambalo fundi mzuri huuliza anapoitwa nyumbani na kuambiwa kwamba kuna shoti: "Shoti ya namna gani?"